Mtego wa Ndezi

Upande wa mashariki wa Sange nchi ni tambarare. Kuna mashamba ya muhogo, ya mahindi na ya mpunga, na mbele yake kuna matete marefu kandokando ya mto Ruzizi. Mto huo hutoka ziwa Kivu, hushuka kwa nguvu katikati ya milima, halafu hupita polepole katika bonde mpaka ziwa Tanganyika. Ng'ambo yake ni nchi ya Burundi.

Katika matete hayo hukaa mnyama ambaye wakulima hawampendi akiwa shambani, lakini humpenda sana akiwa chunguni. Mnyama huyo ni ndezi.

Mtu amwonaye mara ya kwanza husema, "Panya gani mkubwa hivi!" Kwa kweli ndezi si panya. Kwa ukoo yu karibu zaidi na nungu, ingawa hana miiba. Manyoya yake ni magumu kama ya brashi, na rangi yake ni kahawia iliyochanganyika na manjano na nyeusi. Kichwa chake ni kinene, masikio ni madogo ya mviringo, na mkia ni mfupi. Ndezi mkubwa hupima kilo 4 au 6, na dume aliyenona huweza kupita hapo. Kuna na ndezi wa aina ya pili, mdogo kuliko huyu, apendaye mahali pakavu.

Meno yake ya mbele ni ya rangi ya machungwa, na kila jino la juu lina mifuo mitatu. Kwa meno hayo hukata bua la mahindi kama mtu akatavyo kwa panga. Watu wa Ghana humwita mkata-nyasi, nao wamesema kweli. Tena ana desturi mbaya: hukata bua chini kabisa, bua huanguka, yeye hula sehemu ndogo aliyoipenda, kisha huenda kukata jingine. Ndezi wachache wakiingia shamba usiku mmoja, asubuhi mwenye shamba hudhani kwamba ng'ombe wamepita. Muwa ndio anaupenda kuliko vyote. Kule Kiliba, katika njia ya kwenda Uvira, palikuwa na mashamba makubwa ya miwa ya kiwanda cha sukari, mpaka kiwanda kiliposimama mwaka 1996, wakati wa vita. Mahali penye miwa mingi namna ile, ndezi hahitaji kutafuta chakula.

Basi watu wa bonde hutega ndezi kwa sababu mbili: kulinda shamba na kupata nyama. Kazi hiyo huonekana rahisi. Waya kidogo, ufito mmoja, kamba, basi. Lakini atakayeijaribu bila kufundishwa atapata taabu, au atawataabisha wengine.

Kijana mmoja wa Sange alikuwa na miaka 12. Baba yake alilima mahindi karibu na matete, na ndezi walianza kuyakata kabla hayajakomaa. Kijana akapata waya, akatengeneza vitanzi 5, akavitega penye nyasi karibu na kijia cha shambani. Asubuhi akaenda mbio kutazama. Hakuna kitu. Siku ya pili, hakuna. Siku ya tatu, kitanzi kimoja kilikuwa kimekanyagwa na mtu, tena mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe. Akaenda kwa babu yake.

"Jambo, babu."

"Jambo sana, mjukuu wangu. Umetuletea nyama?"

"Sikupata, babu. Labda waya huu ni mbaya."

Mzee akaushika waya, akaupinda, akaunusa, akacheka. "Waya ni mzuri. Lakini ulitega mahali unapopita wewe. Ndezi anapita wapi?"

Kijana hakujua.

"Basi waya uache nyumbani," babu akasema. "Leo jioni twende tutazame tu."

Hapo ndipo masomo ya mtegaji huanza. Kitanzi ni sehemu ndogo ya kazi, na mtoto mwenye mikono mizuri hukijua kwa siku moja. Kuijua njia ya mnyama huchukua muda mrefu zaidi.

Ndezi hutembea usiku. Mchana hulala katika majani mazito, juu ya kitanda cha nyasi alizozikanyaga, au pengine katika shimo lililochimbwa na mnyama mwingine. Jua likishatua hutoka kwenda kula, na kabla ya mapambazuko hurudi. Hapendi kupita mahali peupe. Kila siku hufuata njia zilezile ndani ya majani, mpaka njia hizo zinakuwa kama mabomba: juu majani yamefunika, chini udongo umekanyagwa ukawa laini. Upana wake ni kama shubiri moja. Mtu mzima akisimama hazioni. Lazima apige magoti na kutazama chini ya majani.

Babu alimwonyesha kijana alama moja baada ya nyingine. Kwanza, mabua yaliyokatwa. Bua lililokatwa na ndezi limekatwa kwa mshazari, safi, na kando yake vipande vifupi vimelala pamoja kana kwamba mtu alikuwa akitayarisha kuni za mtoto. Kama mahali palipokatwa pangali pabichi na panatoa maji, ndezi alikuwa hapo usiku uliopita. Kama pamekauka na kuwa kahawia, amekwisha hama au amebadili njia. Pili, mavi yake: punje ndefu ngumu, zenye mfuo upande mmoja, zimeachwa kwa mafungu njiani. Tatu, alama za miguu katika matope karibu na maji, kwa maana ndezi hujua kuogelea vizuri na hukaa karibu na mto. Akiogopa, hupiga mguu wa nyuma chini kuwaonya wenzake, kisha hukimbilia majini.

"Na njia hii, babu?" kijana akauliza. Alikuwa ameona njia pana, imekanyagwa sana, inashuka moja kwa moja hadi mtoni. Katikati yake palikuwa na tuta dogo la majani, na pande mbili udongo ulikuwa umechimbika kama alama za magurudumu ya gari.

Babu akamshika mkono, akamrudisha nyuma.

Ile ilikuwa njia ya kiboko. Kiboko hupanda nchi kavu usiku kula majani na hurudi majini karibu na mapambazuko, saa ileile ambayo mtegaji hupenda kwenda kutazama mitego yake. Kiboko akimkuta mtu katikati yake na maji, hageuki. Huja mbio, na uzito wake hupita kilo elfu. Kwa hiyo mtegaji wa Ruzizi hategi kamwe karibu na njia ya viboko, na haendi matete kukiwa bado giza. Hungoja mpaka mwanga utoshe kuona mbele hatua nyingi. Tena hachoti maji wala hanawi mikono mahali penye matope ya kuteleza, kwa maana mamba wangaliko. Ndezi mmoja hatoshi kulipia mguu wa mtoto.

Siku ya pili babu alimfundisha kijana kutengeneza mtego.

Kamba ya katani au ya gome la mti haifai kwa kitanzi. Ndezi akishikwa huikata kwa meno mara moja. Watu wengi hutumia waya unaosokotwa kutoka kamba ya breki ya baiskeli ya zamani: hufungua nyuzi zake nyembamba, huchukua chache, huzisokota tena. Waya mpya unang'aa, na mnyama huuona. Kwa hiyo mtegaji huupitisha motoni kidogo, uwe mweusi na mlaini, halafu huusugua kwa majani mabichi ya mahali atakapotega. Majani hayo huondoa na harufu ya mikono. Kichwa kimoja cha waya hupindwa kuwa tundu dogo, na kichwa cha pili hupitishwa ndani yake. Kitanzi kizuri hukimbia bila kukwama. Mtegaji hukijaribu kwa kuingiza ngumi yake na kuvuta: kikikwama, hakitumii.

Kisha ufito. Huu ndio nguvu ya mtego, na hapa wanaoanza hukosea sana. Wanachukua ufito mwembamba kwa kuwa ni rahisi kuupinda. Ndezi akishikwa na ufito dhaifu, hunyongwa nusu tu. Huhangaika usiku mzima, huvuta, huuma waya, na mwisho hukatika ngozi na kukimbia na jeraha, akafie mbali ambako hakuna atakayemla ila mainzi. Ufito uwe mbichi, unene wa kidole gumba cha mtu mzima, mrefu kupita mtu. Hupandwa ardhini kwa nguvu kando ya njia, na ukipindwa na kuachiliwa, lazima urudi juu kwa kishindo. Ndezi aliyeshikwa shingoni na ufito wa namna hii hafi kwa mateso marefu. Mtegaji mwema hutaka hivyo, hata kama hakuna mtu wa kumwona.

Kando ya pito hupigiliwa kigingi chenye ndoano, yaani kijiti chenye panda iliyokatwa na kuelekezwa chini. Kwenye ncha ya ufito hufungwa kamba, na kwenye kamba hufungwa kijiti kifupi. Ufito hupindwa mpaka kijiti hicho kishikwe chini ya ndoano ya kigingi. Kishikwe, lakini kwa shida: mguso mdogo ukitoe. Waya wa kitanzi umefungwa papo hapo. Ndezi ajaye kwa haraka, kichwa chini, huingiza kichwa katika kitanzi na kusukuma. Waya huvuta kijiti, kijiti hutoka chini ya ndoano, ufito huruka.

Kitanzi husimamishwa katikati ya pito kwa majani mawili matatu yasiyo na nguvu. Upana wake ni wa ngumi ya mtu na vidole viwili, na chini yake pabaki nafasi ya vidole vinne kutoka ardhini. Kikiwa juu zaidi, ndezi hupita chini yake. Kikiwa kikubwa zaidi, hupita ndani kama mtu apitavyo mlangoni. Pande mbili za kitanzi huwekwa vijiti vichache ili mnyama asizunguke, lakini visiwe ukuta. Ndezi akiona kitu kigeni sana hugeuka. Mtegaji asikate majani ya juu ya pito ili aone vizuri, maana akiyakata, pito limekwisha kufa. Kazi yote hufanywa bila kulikanyaga pito lenyewe.

Kijana alifuata maneno hayo. Alitega mitego 4 tu, na asubuhi ya kwanza alipata ndezi jike wa kilo 4. Alimleta nyumbani akiwa amemshika miguu, si mkia. Babu alikuwa amemwonya kwamba mkia wa ndezi hukatika upesi, na ngozi yake huchanika. Mama yake alifurahi, wadogo zake wakapiga kelele. Kijana akaona kwamba sasa amekuwa mtegaji.

Hapo ndipo alipoanza kuharibu.

Babu alikuwa amempa kamba nyembamba ya mgomba. "Kila mtego utakaotega, funga fundo moja," alisema. "Ndezi hatembei mchana. Mbuzi hawatembei usiku. Kwa hiyo mtego utegwe jioni, na asubuhi ufunguliwe. Kila mtego ukiufungua, gusa fundo lake. Mafundo yakiisha, rudi nyumbani."

Kwa siku chache kijana alifanya hivyo. Halafu aliona ni kazi ya kitoto kugusa mafundo. Akatega mitego 12, akaihesabu kichwani. Tena kupinda fito 12 kila jioni na kuzifungua kila asubuhi kulimchosha, akaanza kuziacha zimetegwa mchana. Siku ya Ijumaa mjomba wake alikuja, akamchukua kwenda naye Uvira kununua daftari. Wakalala huko siku mbili. Jumapili jioni kijana alirudi, akaenda kufungua mitego yake. Alifungua 11. Ule wa kumi na mbili hakuukumbuka ulipo, akasema moyoni kwamba labda alihesabu vibaya.

Jumatatu, alipotoka shule, alikuta mama jirani amesimama uani kwao. Miguuni pake alilala mwana-mbuzi, amevimba tumbo, na shingoni bado ana waya mweusi uliosokotwa vizuri.

Mama yule hakupiga kelele. Alimwambia babu, "Baba, mimi ni mjane. Nilikuwa na mbuzi wawili na mtoto huyu. Niliwaza kwamba akikua nitamwuza nilipe shule ya binti yangu."

Babu akaomba apewe ule waya. Akautazama, akampa mjukuu wake. "Waya huu ni wa nani?"

"Ni wangu, babu."

"Mwambie mama."

Kijana akamgeukia yule mama, macho chini. "Mama, waya ni wangu. Niliusahau. Unisamehe."

Jioni ile babu alitoa mbuzi jike mchanga katika zizi lake, akamkabidhi mama jirani mbele ya watu wawili, kama desturi inavyotaka. Kijana naye akalipa deni kwa babu: msimu mzima wa mvua alikata majani ya mbuzi wa babu kila siku kabla ya shule. Mitego yake haikuchomwa wala haikutupwa. Babu aliitundika ukutani, pamoja na ile kamba ya mgomba.

Mbuzi ana mwenyewe, na mwenyewe huja uani kudai. Mnyama wa porini hana wa kumdai, kwa hiyo mtego uliosahauliwa porini haujulikani na mtu, na waya hauozi upesi. Husimama miezi mingi, ukinasa kile kinachopita: fisi-maji, kenge, mbwa wa mwindaji mwingine, ndezi mwenye mimba. Kitanzi hakichagui. Juu ya milima, upande wa Bukavu, ipo hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyofanywa mwaka 1970, ambamo sokwe wakubwa waitwao gorila wanalindwa. Watu hutega huko swala na nguruwe, lakini gorila huingiza mkono au mguu, na waya hukaza mpaka nyama inaoza. Wako gorila waliopoteza kiganja kizima kwa waya ambao haukuwekwa kwa ajili yao.

Kwa ndezi wenyewe hesabu nayo ni ya lazima. Panya wa nyumbani hubeba mimba majuma matatu hivi, na huzaa watoto wengi. Ndezi hubeba mimba karibu miezi 5, na kwa kawaida huzaa watoto 2 mpaka 4. Watoto huzaliwa na manyoya, macho wazi, na baada ya muda mfupi wanakimbia na mama yao. Ni uzazi mzuri, lakini si wa haraka. Mtegaji aonaye kwamba mitego yake inakamata majike na watoto tu, na kwamba mabua yanayokatwa ni machache kila juma, huondoa mitego mahali hapo na kupaacha papumzike. Asiyejua kuhesabu huendelea mpaka siku moja matete yananyamaza.

Watu wa nchi za baridi walifanya kosa hilo kwa mnyama mwingine wa mtoni. Jina lake ni biva. Naye ana meno ya rangi ya machungwa kama ndezi, ila ni mkubwa kuliko yeye: mara nyingi hupita kilo 20. Mkia wake ni mpana kama kasia. Huangusha miti kwa meno, huziba mto kwa miti na matope, na hujenga nyumba yake katikati ya bwawa alilolifanya. Manyoya yake laini yalitengenezewa kofia za matajiri wa Ulaya. Mwaka 1670 ilianzishwa huko London kampuni ya Hudson's Bay, ambayo kwa miaka mingi ilinunua ngozi za biva kutoka kwa wategaji wa Kanada. Mtegaji wa huko naye hutafuta pito la mnyama: mfereji ambao biva hupita akivuta matawi, au mahali anapoteleza kuingia majini. Lakini walitega bila hesabu. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika Ulaya na Asia yote walibaki biva kama 1200 tu. Baadaye sheria ziliwekwa, biva wachache wakahamishiwa mito mingine, na sasa wamekuwa wengi tena. Hata hivyo kuna mito iliyokaa mamia ya miaka bila hata mmoja.

Kongo nayo ina sheria. Sheria ya uwindaji ni ya tarehe 28 Mei 1982. Inataka mwindaji awe na ruhusa, na inakataza kuwinda kwa moto na kwa sumu. Katika bonde la Ruzizi moto ndio kishawishi kikubwa. Mwezi wa saba na wa nane majani yamekauka, na watu wachache wakiyawasha upande mmoja, ndezi hutoka wote upande wa pili, wanapigwa kwa fimbo. Siku hiyo nyama ni nyingi. Lakini moto hauombi ruhusa mahali pa kusimama. Unaingia katika muhogo wa watu, unafika kwenye nyumba za majani, na wakati mwingine mtoto aliyetumwa kufukuza wanyama hupatikana baadaye. Kijana atakaye kutega aende kwanza na baba yake kwa chifu kuuliza ni mahali gani pameruhusiwa na miezi ipi imefungwa, na amwombe ruhusa mwenye shamba. Kutega katika shamba la mtu bila kumwambia ni kuingia nyumba bila hodi.

Jambo jingine linahusu mwili wa mtegaji. Wanyama wa porini huweza kuwa na magonjwa yanayopita kwa watu. Mmoja wao ni mpox, ambao huleta homa na malengelenge katika ngozi. Mtu wa kwanza aliyejulikana kuugua alikuwa mtoto mdogo wa Kongo, mwaka 1970. Kuanzia mwaka 2023 ugonjwa huo ulienea katika Kivu ya Kusini, mara hii kwa kupita kutoka mtu kwa mtu. Kwa hiyo ndezi aliyekutwa amekufa nje ya mtego, au aliye mtegoni na ana vidonda mwilini, au amenyonyoka manyoya, haguswi kwa mikono mitupu, wala haliwi, wala hapewi mbwa. Huzikwa. Mwenye kidonda mkononi amwachie mwenzake kazi ya kuchuna. Nyama ipikwe mpaka iive kabisa, na mikono inawiwe kwa sabuni kabla mtoto hajashikwa. Na katika majani, kitu chochote cha chuma kisichojulikana kiachwe mahali kilipo, mtu mzima aitwe. Bonde hili limeona vita, na si kila kilichoachwa na askari kimekufa.

Wako wanaofikiri kwamba siku moja kazi ya kutega itapungua, kwa sababu ndezi anaweza kufugwa. Huko Benin na Ghana watu humfuga katika vibanda vya matofali, humlisha matete, mahindi na maganda ya muhogo, na huuza nyama yake kwa bei nzuri. Kazi si rahisi. Ndezi hupigana, hutafuna mlango wa mti usiku mmoja, na hufa kwa hofu akishtuliwa sana. Lakini mtu aliyewahi kulala kwa magoti akitazama njia zake ndani ya majani amekwisha jua nusu ya tabia zake.

Msimu wa mahindi uliofuata, ndezi walirudi shambani. Kijana akaenda kwa babu, akasimama mlangoni bila kusema. Mzee akainua macho kuelekea ukutani.

"Unataka mingapi?"

"Mitano, babu."

"Na kamba?"

Kijana akaonyesha shingo yake. Alikuwa amekwisha kuivaa, ina mafundo matano. Jioni alitega, mwanga ulipotosha akaenda kutazama, na kila mtego alioufungua aligusa fundo lake. Katika mtego wa tatu palikuwa na dume kubwa. Mitego mingine miwili akaifungua kwanza, akagusa fundo la nne na la tano, ndipo akarudi kulichukua dume lake.

Nyumbani walibabua manyoya juu ya moto wa majani, wakakwangua ngozi ikawa nyeupe, wakaosha, wakakata. Sehemu zilizobaki zilitundikwa juu ya moshi. Mguu mmoja ulikwenda kwa mwenye shamba la jirani aliyeruhusu mtego wa tano kando ya mpaka wake. Mguu mwingine kijana mwenyewe aliufunga katika jani la mgomba, akaupeleka kwa mama jirani. Alimkuta akitwanga sombe.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Mbuzi wangu wote wako," mama akasema, akacheka, akapokea nyama.